Simu Moja, Nyumba Nzima

Hotuba hii niliitoa Newala, mkoani Mtwara, kwenye mkutano wa wazazi, walimu, makungwi na wahudumu wa afya, wiki chache kabla ya shule kufungwa. Waliokosa kufika wameiomba, nami naiweka nzima kama nilivyoisema. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha.

Asalaam aleikum! Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe!

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, mganga mfawidhi, walimu, mashehe na mapadri, mama zangu makungwi mliokaa huku mbele, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: itifaki imezingatiwa.

Nimeambiwa nizungumzie sera ya afya ya kidijitali na ustawi wa watoto na vijana. Maneno makubwa hayo kwa muuguzi mstaafu. Kabla sijayaingia nina swali, na naomba mjibu kwa mikono.

Nani hapa ana simu?

Haya, karibu ukumbi mzima. Shusheni. Sasa nani ana simu ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani kwake anayeishika, anayeisoma, wala anayeijua namba yake ya siri?

Naona mikono miwili. Na mmoja ni wa Mtendaji.

Ndugu zangu, tungeweza kufunga mkutano hapa hapa, maana yote niliyokuja kuyasema yamo katika mikono iliyoshuka. Shirika la Afya Duniani liliandika mkakati wake wa afya ya kidijitali, wa 2020 hadi 2025. Tanzania tulikuwa na wa kwetu, wa 2019 hadi 2024. Ni nyaraka nzuri, zimeandikwa na watu wenye akili. Lakini ukizisoma kwa makini unamkuta ndani yake mtu mmoja ambaye simwoni Newala: mtu mwenye simu yake peke yake. Anatumiwa ujumbe, anausoma yeye. Anaulizwa umri, anajibu yeye. Anaombwa ridhaa, anabonyeza yeye.

Huku kwetu simu ni mtungi wa maji, kila mwenye kiu anachota. Simu moja, nyumba nzima. Sera isiyolijua hilo itamuumiza mtoto huku ikidhani inamtibu.

Nitawapa kisa. Kijiji sikitaji, na ukidhani unamjua mhusika, si yeye.

Binti wa miaka 16, kidato cha pili, anaishi kwa mjomba wake. Alikwenda kituo cha afya kupima VVU, peke yake, kwa ujasiri ambao wengi wetu humu hatunao. Alikuwa na haki hiyo, maana mwaka 2019 Bunge lilirekebisha sheria ya UKIMWI, likashusha umri wa kupima bila ruhusa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Akapimwa, akakutwa na maambukizi, akashauriwa vizuri, akaanza dawa. Halafu akaulizwa, kama wanavyoulizwa wote: namba ya simu? Akataja namba anayoijua kwa kichwa. Ya mjomba.

Mwezi uliofuata simu ya mjomba ikalia. Ujumbe mfupi, wa heshima, una salamu, una jina la binti, una tarehe, una jina la kliniki. Na jina la kliniki ile kila mtu anajua maana yake.

Ninyi ni Wamakonde wenzangu, sina haja ya kuwaeleza kwamba mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Hakumpiga. Alinyamaza tu. Kisha akamwambia mkewe, mkewe akamwambia dada yake, na kabla ya Ijumaa binti alikuwa anakula na sahani yake peke yake. Akaacha dawa. Akaacha shule.

Sasa niambieni, nani mkosaji hapo? Muuguzi aliuliza alichofundishwa kuuliza. Mfumo ulituma ulichopangiwa kutuma. Mjomba alisoma simu yake mwenyewe, kwani simu ya mtu haisomwi? Sheria ilimpa binti faragha, na hakuna aliyekuwa na nia ya kumnyang'anya. Ilipotea njiani, kwa sababu waliotengeneza mfumo walidhani namba ya simu ni mtu.

Na tiba yake haihitaji fedha kutoka Dodoma. Ni maswali matatu pale mezani kwa muuguzi. Hii simu ni ya nani? Nani mwingine anaisoma? Nikutumie ujumbe, au nikuandikie tarehe kwenye kadi na uiweke unapojua wewe? Na ujumbe ukitumwa, usitaje ugonjwa, usitaje kliniki, usitaje dawa. "Tafadhali fika kituoni tarehe fulani." Basi.

Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Sheria hiyo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Inaziweka na taarifa za watoto humo humo. Kwa hiyo afya ya mtoto ni nyeti mara mbili, na anayeiandika, awe zahanati, awe shule, awe shirika lililokuja na gari jeupe na vishikwambi, anatakiwa aweze kukujibu anaiandika kwa nini na ataipeleka wapi. Muulizeni. Mkiuliza kwa adabu hamtaonekana wakorofi.

Twende mbele. Tarehe 10 Desemba 2025 Australia ilianza kutumia sheria inayozitaka kampuni za mitandao ya kijamii kuhakikisha watoto wa chini ya miaka 16 hawana akaunti. Kampuni isiyochukua hatua za maana inaweza kutozwa faini ya hadi dola milioni 49.5 za Australia. Mtoto hatozwi, mzazi hatozwi. Hapo nawapongeza, maana huku kwetu kila jambo la mtandao likiharibika tunamtafuta mama wa mtoto.

Watu wananiuliza, na sisi tuige? Nawaambia, kwanza tuziangalie laini zetu. Tangu 2020 laini ambayo haikusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, cha NIDA, inafungiwa. Mtoto hana kitambulisho cha NIDA. Laini ni ya mama, akaunti ni ya mama, tarehe ya kuzaliwa ni ya mama. Kwa hiyo anayetazama katuni saa kumi jioni, anayefuatilia Simba na Yanga saa mbili usiku, na anayesikiliza mawaidha saa nne, mtandao unawaona ni mwanamke mmoja wa miaka 38 asiyejua kulala. Ukimzuia mtoto kwa umri, mtoto hayumo kwenye kitabu. Unamzuia nani?

Na mtandao hausahau. Ukishajua kwamba "mama" huyu anapenda mpira, unamletea tangazo la kubeti.

Hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili linatumaliza na kwenye taarifa za afya halimo. Tandahimba kulikuwa na kijana wa miaka 17, mtoto mwema. Baba yake haoni vizuri maandishi madogo, kwa hiyo kijana ndiye aliyekuwa akimsomea ujumbe, akimtumia pesa, akimnunulia bando. Namba ya siri alipewa kwa mapenzi. Msimu wa korosho ukafika, mnada ukafanyika, fedha zikaingia benki, na benki siku hizi imo ndani ya simu. Kijana alianza na shilingi mia tano. Akashinda. Mnajua kinachofuata akishashinda mara ya kwanza. Mkeka, yaani tiketi ya kubeti, ukachanika, akaweka zaidi ili arudishe. Ukachanika tena. Mpaka baba anataka fedha ya ada ya mdogo mtu na ya kuwalipa vibarua wa palizi, hakuna kitu.

Kijana alikimbilia Masasi, akawa anaosha magari stendi. Mama alipompata akamleta hospitali, hali chakula, halali usingizi, moyo unamwenda mbio. Wakampima malaria, hana. Wakampima presha, iko sawa. Akapewa vitamini, akarudishwa nyumbani.

Kwenye cheti chake neno kamari halikuandikwa. Aandike nani, na hakuna aliyeuliza? Wakati Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uraibu wa kamari, na pembeni yake uraibu wa michezo ya kompyuta. Ni magonjwa, yana namba zake kwenye orodha. Sheria yetu nayo inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Lakini aliyecheza pale kwa mujibu wa mfumo ni mzee wa miaka 60, mkulima wa korosho. Mganga mfawidhi, ninakuomba mbele ya watu hawa: kijana wa kiume akija hana homa na halali usingizi, muulizeni juu ya simu na juu ya mkeka, kama mnavyomuuliza juu ya kikohozi.

Nanyi akina baba, namba ya siri ya benki si ya kumpa mtoto, hata awe mwema kiasi gani. Mwende naye wakala, abonyeze mbele yako.

Kwa wenye vichanga nasema kwa ufupi tu, maana nimeona wawili humu wamepewa simu wanyamaze. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 ni kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe kabisa mbele ya kioo cha simu wala televisheni, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri. Mama mwenye kitenge cha kijani, sikusemi wewe. Nasema kwa jumla.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu mtanuna.

Mnapoambiwa taarifa za afya za watoto zinavuja, mnafikiria nani? Mnafikiria mdukuzi, kijana wa mbali mwenye kompyuta. Mimi nawaambia mvujishaji mkubwa wa taarifa za afya za watoto wa Mtwara na Lindi ni makundi yetu ya WhatsApp. La ukoo, la waliosoma pamoja, la jumuiya, la kijiji.

Kulikuwa na mtoto aliyeungua maji ya moto, kifuani mpaka shingoni. Ikabidi apelekwe Dar es Salaam, na nauli hakuna, na fedha ya matibabu hakuna. Mtu mwenye huruma akampiga picha, kifua wazi, uso unaonekana, jina kamili, jina la baba, jina la shule. Ikatumwa. Ikasambaa mpaka kwa watu wasioijua Newala iko upande gani wa nchi. Michango ikapatikana, tena mingi, Mungu awabariki waliotoa. Mtoto alitibiwa, akapona.

Leo yuko darasa la sita. Picha ile ingali inazunguka. Wenzake wameipata, wamembandika jina ambalo sitalitamka hapa. Na mwaka jana mtu asiyejulikana aliichukua picha hiyo hiyo, akaweka namba yake ya simu, akawa anaomba michango upya.

Je, tusichangiane? Tuchangiane! Huo ndio utu wetu, sitaki nieleweke vibaya. Lakini kidonda cha mtoto si lazima kionekane ndipo mtu atoe pesa. Tuma sauti ya mwenyekiti wa kitongoji anayefahamika. Taja ugonjwa kwa jumla, jina la shule liache. Weka namba moja ya kupokelea, ya mtu mwenye dhamana. Na ukiona lazima picha iwepo, uso wa mtoto usiwemo. Walimu, ninyi pia: orodha ya mabinti waliochanjwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi haipigwi picha ikatumwa kwenye kundi la wazazi, hata kama nia ni kuwakumbusha ambao hawajachanjwa. Ambaye hajachanjwa ana sababu, na sababu hiyo haiwahusu wazazi themanini.

Mama zangu makungwi. Nimewaacha kwa makusudi mpaka hapa.

Ninyi mna jambo ambalo wataalamu wanalitafuta kwenye semina. Mwali akiingia unyagoni anafundishwa juu ya mwili wake na mtu anayemjua, mtu mwenye jina, ambaye kesho akikosea atafuatwa nyumbani kwake. Na la ndani halitoki nje. Si kila linalofundishwa kule nalikubali, na mnanijua tumegombana sana juu ya mabinti wa miaka tisa kufundishwa mambo ya ndoa. Tutaendelea kugombana. Lakini lile la kutunza siri ya mtoto nalivulia kofia.

Sasa simu zimeingia. Siku mabinti wanapotoka unyagoni, ngoma inapigwa, mashangazi wanacheza, na kila mtu amenyoosha mkono anarekodi. Mabinti wamevikwa nguo mpya, wamepakwa mafuta, na jioni hiyo hiyo wako mtandaoni, na jina la kijiji limeandikwa chini. Nani anatazama video ile? Shangazi aliyeko Temeke, ndiyo. Na nani mwingine? Mnamjua? Ametangaziwa kwamba kijiji fulani kina mabinti kadhaa ambao wameambiwa leo kwamba wamekuwa watu wazima.

Utafiti wa ECPAT, mtandao wa kupinga unyanyasaji wa kingono wa watoto, pamoja na INTERPOL na UNICEF, uliotolewa 2022 ulikuta kwamba katika watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa unyanyasaji wa kingono kupitia mtandao katika mwaka mmoja. Mkisikia asilimia 4 mnaona kidogo. Wao walikadiria kuwa ni watoto kama 200,000. Jazeni uwanja wetu wa mpira wa Nangwanda Sijaona, uumwage, uujaze tena, na tena, mtakuwa bado. Na mara nyingi anayemtendea mtoto ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari. Kwa hiyo makungwi, nawaomba mkubaliane leo, kabla ya msimu wa unyago: kikapu mlangoni, simu zote ndani yake, mpaka ngoma iishe. Mwenye harusi yake arekodi harusi yake.

Nimesema mengi mabaya juu ya simu, na hiyo si haki. Mwaka 2017 usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano ulipoanza Mtwara na Lindi, cheti cha kuzaliwa kiliacha kuwa safari ya kwenda wilayani. Mama anakipata kituo cha afya au ofisi ya kata, bure, kimeandikwa kwa mkono, na taarifa zinakwenda RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kwa simu. Mama mjamzito akizidiwa usiku, kupiga namba 115 ni bure, na mfumo wa m-mama unamtafutia gari, hata kama ni gari la mwanakijiji mwenzake, na dereva analipwa kwa simu. Mtoto anayeonewa ana 116, bure pia, mchana na usiku. Vijana, iandikeni mikononi: 116.

Mnaona hizi tatu zinafanana wapi? Mwisho wa waya kuna mtu. Kuna mwandishi wa cheti, kuna dereva, kuna anayepokea simu. Yule binti wa kwa mjomba, niliwaacha naye njia panda. Alirudi kwenye dawa. Aliyemrudisha ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama mmoja anayeuza vitumbua asubuhi, aliyepita kwao kama anauza vitumbua, akapita tena, akapita tena, mpaka binti akamfuata nje. Serikali ilizindua mpango wa wahudumu hawa Januari 2024, kwa lengo la kuwa nao 137,294 nchi nzima. Wapeni vishikwambi, sawa. Lakini wapeni posho kwanza.

Na karatasi msiitupe. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotupiga huku kusini na barabara ikakatika Somanga, siku chache baadaye mikongo ya baharini, nyaya zinazotuletea intaneti, nayo ikakatika na intaneti ikasumbua nchi nzima. Kadi ya kliniki ya mtoto haikuhitaji mtandao kusomeka.

La mwisho ni la kamati ya zahanati. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, mwaka 2021, ilipoandika maelekezo yake juu ya haki za watoto katika ulimwengu wa kidijitali, iliwauliza watoto 709 kutoka nchi 28. Wao wako Geneva, wakawauliza 709. Sisi hapa zahanati iko hatua chache kutoka shule ya sekondari, tushindwe kuwauliza saba? Mheshimiwa Diwani amekubali, nami nasema mbele yenu ili asigeuke, kwamba kikao kijacho kitakuwa na vijana wawili, binti na mvulana, na ajenda ya kwanza ni yale maswali matatu ya mezani kwa muuguzi. Ya pili ni nani anaruhusiwa kupiga picha ndani ya eneo la zahanati.

Muda wangu umekwisha, na mikono naiona imeshanyooshwa. Wazee mtanisamehe, nitaanza na yule binti wa karibu na mlango. Mpeni kipaza sauti.